Salio Linaposhuka Chini ya Sifuri

SWALI: Mheshimiwa mhariri, ninauza dagaa Ujiji, Kigoma. Benki ilikata rejesho la mkopo wangu wakati akaunti haina fedha za kutosha, kisha ikanitoza ada na riba. Nifanyeje lisijirudie?

JIBU: Pole sana, dada. Hiyo ni ovadrafti: benki ilikulipia kwa fedha zake, kwa hiyo umekopa tena. Kwa kawaida riba yake huhesabiwa kila siku, hivyo shilingi 500,000 kwa siku 10, kwa asilimia 18 kwa mwaka, huzaa takriban shilingi 2,466 tu. Kinachoumiza ni ada maalumu, ambayo ikiwamo katika mkataba hutozwa nzima hata upungufu ukiwa mdogo.

Wewe unajua kwamba mbalamwezi ikiwaka wavuvi wanaovuta dagaa kwa taa usiku hupumzika na mauzo hupungua. Kwa kuwa mwandamo wa mwezi haulingani na kalenda ya benki, kusogeza tarehe ya makato pekee hakutoshi. Afadhali uweke akiba ya rejesho moja kabla ya siku za giza, zisizo na mbalamwezi, kuisha. Unaweza pia kuomba kwa maandishi ovadrafti ifungwe, ila uliza kwanza faini ya rejesho likichelewa.