Tela la kulala la mtumba: kagua chini kabla ya kukagua kitanda

Muuzaji wa tela la kulala atakufungulia mlango kwanza, akuonyeshe godoro, sinki na taa zinazowaka. Tazama, sifia, kisha tandika boksi chini uingie uvunguni. Lindi na Mtwara chumvi inakula chuma mwaka mzima, na rangi mpya inaficha mengi. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo kuanzia mbele hadi nyuma: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa mlio mfu. Kaa zaidi kwenye mashikio ya springi na kwenye maungio ya kuchomelea, maana maji hutuama hapo. Kutu ya juu juu inasuguliwa na kupakwa rangi. Mashikio yakishaliwa, achana na tela hilo hata likipunguzwa bei.

Angalia pia mlango uko upande gani. Matela ya Ujerumani au Ufaransa kwa kawaida yana mlango kulia. Ukiegesha pembeni mwa barabara zetu, watoto wanashukia kwenye malori. Ya Uingereza na Afrika Kusini kwa kawaida mlango uko kushoto. Na boli ya kuvutia, ile tufe ya chuma nyuma ya gari, ipimwe: kuna ya milimita 50 na kuna ya inchi 2, yaani milimita 50.8. Kikombe cha tela cha 50 kikigongelewa kwa nguvu juu ya ile ya inchi 2, kifungio hakikai sawasawa.

Tairi za tela huzeeka kabla ya kuisha kashata, yale meno yake. Soma tarakimu nne mwishoni mwa maandishi ya DOT ubavuni: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la umri huo, hata liking'aa, ni la kubadilisha.

Kinachowaacha watu njiani zaidi ni beringi. Piga jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha lizungushe usikilize. Likicheza au kukwaruza, fungua. Hata likinyamaza, kwenye tela la mtumba fungua tu, hujui grisi iliyomo ni ya lini. Osha beringi kwa mafuta ya taa, ikauke kabisa, halafu ishindilie grisi kwa kiganja upande mpana hadi itokeze upande wa pili. Sili, ile pete inayozuia grisi kutoka na maji kuingia, iwe mpya. Kaza nati huku gurudumu linazunguka, ilegeze, ikaze tena kwa vidole tu, uweke pini mpya. Wengi hukaza kwa nguvu zote wakidhani ndiyo usalama. Beringi inachemka, grisi inayeyuka na gurudumu linang'oka. Ukitoka Mtwara mjini simama Mikindani uguse habu, yaani kitovu cha gurudumu. Vuguvugu si tatizo, ikikuunguza, usiendelee.

Mzigo nao una hesabu yake. Ulimi wa tela, yaani sehemu ya mbele inayokaa kwenye boli, ubebe takriban asilimia 10 ya uzito wote. Ukiwa mwepesi mno, tela linayumba nyuma ya gari. Ukizidi, gari linakaa kitako na usukani unakuwa mwepesi. Mzani wa jukwaa wa kupimia magunia ya korosho unafaa kabisa: tela likiwa limepakiwa, weka ulimi juu ya kipande cha gogo kwenye mzani, kwa kimo kile kile cha boli. Tangi la maji la lita 60 likijaa ni kilo 60, kwa hiyo nenda nalo tupu ujaze karibu na kambi.

Kwenye mchanga wa ufukwe wa Msimbati, huko Mtwara, punguza upepo wa tairi hadi PSI 15 au 18, gari na tela vyote. Wengi hupunguza wa gari tu, na tela linageuka nanga. Usikate kona kali, na ubebe pampu ya kurudishia upepo kabla ya lami. Eneo hilo liko ndani ya hifadhi ya bahari, kwa hiyo ulizia ada kabla ya kufika.

Egesha juu ya mstari wa mwani mkavu, tena kwa nafasi ikiwa ni siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo. Chini ya mnazi usilale. Mikorosho ina kivuli kizuri, ila kati ya Juni na Agosti wakulima hupuliza salfa alfajiri dhidi ya ubwiriunga, ugonjwa wa mikorosho, na vumbi lake linachoma macho. Omba ruhusa na uulize siku ya kupuliza.

Kitu kimoja zaidi: habu yenye moto isiingizwe baharini. Ikipoa ghafla inavuta maji ya chumvi kupitia sili, na kazi yote ya beringi imekwisha. Ukirudi nyumbani osha uvungu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika turubai hadi kwenye mishono kabla ya kulikunja, na zipu zisugue kwa kipande cha mshumaa. Zipu ikigoma, chandarua hakifungi, na huku kwetu mbu hawasubiri ukaitengeneze.