Chanja ya meko iliyobonyea: kipimo kwanza

Pole dada kwa hiyo chanja yako ya chuma ya kuwekea kuni mekoni, iliyobonyea katikati. Umeuliza ununue ya chuma cha kusubu au umpe fundi akuchomelee ya nondo. Kwa huko Lushoto, mimi ningemwendea fundi.

Ila kabla hujaenda, chukua futi upime meko mara tatu: upana wa mbele, upana wa nyuma, na kina. Meko mengi ya ukutani huwa membamba nyuma, na ukipima mbele tu chanja haitaingia. Acha sentimita 7 au 8 kila upande, maana chuma hutanuka kikipata moto, nawe unahitaji pa kupitishia koleo.

Nondo iwe ya milimita 16. Ya 10 italegea mapema, hasa ukichoma kuni za miti ya miwati, ambazo makaa yake ni makali. Miguu iwe na kimo cha sentimita 10 hivi ili hewa ipite chini. Bomba lililopakwa zinki usikubali hata ukipewa bure: likishika moto hutoa moshi wenye sumu, na watoto wanalala humo ndani.

Ya kusubu hudumu, lakini ukiimwagia maji ikiwa ya moto hupasuka.

Halafu majivu. Naona hiyo ya zamani ilipinda kwa sababu yalijaa hadi kugusa nondo, hewa ikakosa njia na chuma kikabaki kimezikwa ndani ya makaa. Yazoe kila asubuhi, ubakize kina cha vidole viwili. Tumia ndoo ya bati, si ya plastiki; kaa linaweza kubaki hai chini ya majivu usiku kucha.