Fundi Umeme wa Magari Anajibu: Rimoti Umeionea Bure

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota IST ya 2004. Rimoti inafunga milango siku ikijisikia. Siku nyingine nabonyeza mpaka kidole kinauma, kimya. Nimebadilisha betri yake mara mbili. Fundi wa mtaani kwetu anasema ninunue rimoti mpya. Halafu, sijui kama yanahusiana, kioo cha mlango wa dereva nacho siku hizi kinagoma kupanda. Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kioo ulilolitupia mwishoni ndilo ningeanza nalo. Kioo chako hakipandishwi na rimoti, sasa kwa nini vigome pamoja?

Kaa kwenye kiti cha dereva, bonyeza swichi ya loki iliyopo mlangoni. Milango yote ikijifunga kila mara bila kusita, mota na nyaya ni nzima. Hapo mshuku rimoti au kipokezi chake. Swichi nayo ikigoma, pesa ya rimoti irudishe pochini.

Mimi nadhani itagoma. Fungua mlango huo, tazama karibu na bawaba: kuna mpira mweusi wa mikunjomikunjo unaotoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Humo zinapita nyaya za loki na za kioo, na kila ukifungua mlango zinakunjwa. Miaka ishirini ya kukunjwa, shaba hukatika ndani huku plastiki ya juu ikibaki nzima, macho yanadanganyika. Mlango ukikaa pembe fulani ncha zinagusana, ukiusogeza zinaachana. Mtu abonyeze swichi huku wewe unaupindapinda ule mpira. Loki zikiitikia "tak!", umemkamata mwizi.

Kabla ya kugusa waya wowote, hasi ya betri ya gari ichomolewe. Kisha fundi avute waya mmoja mmoja taratibu; uliokatika utanyumbuka kama mpira. Aunge kipande kipya, kirefu kidogo, achomelee kwa risasi na kuuvika mrija unaosinyaa kwa joto. Akisokota tu na kuzungushia tepu, kataa. Kwa hewa ya chumvi ya huko kwenu shaba itakuwa kijani kabla hujasahau ulichomlipa.

Na zile betri mbili, ulisoma namba? CR2016 na CR2032 zote ni volti 3 na upana mmoja, ila ya kwanza ina unene wa milimita 1.6, ya pili 3.2. Nimewahi kufungua rimoti nikakuta nyembamba kwenye nafasi ya nene, imekazwa kwa karatasi ya sigara.

Fyuzi sikuitaja makusudi: ikiungua leo, kesho asubuhi haifufuki, na loki zako leo zinagoma, kesho zinaitika.