Gemu za zamani na sinema za huku: majibu kwa wadogo zangu wa Mtwara na Lindi

Wadogo zangu, mmeuliza mambo mawili kwa mkupuo. La kwanza, kwamba gemu za zamani huku Uingereza bila shaka ni za bei ya chini, kwa hiyo mtumiwe Super Nintendo, ile mashine ya gemu ya miaka ya 1990, na kaseti za RPG, yaani gemu za hadithi ndefu unazocheza kama mhusika, mfungue kibanda cha gemu pale Chikongola. La pili, kama ni kweli huku watu wanaingia sinema kila wiki. Nawajibu wazi, maana kwa hilo la kwanza kuna hela ya mtu itapotea.

Gemu ya zamani iliyopendwa mara nyingi haishuki bei, inapanda. Chukueni Final Fantasy VI ya 1994 na Chrono Trigger ya 1995. Zilitoka Japani na Marekani, lakini kwa Super Nintendo hazikuuzwa Ulaya kabisa. Zilizopo huku zimevuka bahari, na Chrono Trigger halisi ya Kiingereza, kaseti tupu bila boksi, huuzwa zaidi ya pauni 100. Ya Kijapani ni nafuu, ila RPG ni kusoma: mzee wa kijiji anakuambia ufunguo uko wapi, na usipomwelewa utazunguka hapohapo mpaka uchoke. Gemu ya mpira inachezeka kwa lugha yoyote, hii haichezeki.

Halafu kaseti ya Marekani haiingii kwenye mashine ya Ulaya. Umbo lake ni tofauti, na hata ukilazimisha, ndani kuna chipu inayokagua kaseti imetoka wapi. Mkiagiza mashine ya Marekani, adapta yake ni ya volti 120, ya Japani ni 100, na umeme wa kwetu ni 230. Kile kiplagi cha kubadilisha pini hakishushi umeme. Mtachomeka na adapta itaungua. Mashine ya Uingereza ndiyo isiyo na shida hiyo, kwa sababu plagi yake ya pini tatu na volti zake ni kama za nyumbani. Ya Marekani ina tatizo la picha pia: TV ya kichogo ya mfumo wa PAL pekee (mfumo wa picha wa Ulaya) inaweza kuionyesha kwa rangi nyeusi na nyeupe, au picha ikawa inapanda na kushuka. Ya Ulaya itaonyesha rangi vizuri, ila gemu nyingi zilitengenezwa kwa picha 60 kwa sekunde na pale zinapita 50, kwa hiyo mwendo na muziki vinapungua kama sehemu moja ya sita.

Sasa betri, na hapa ndipo wengi wanalizwa. Kaseti ya RPG inasevu kwa nguvu ya betri ndogo ya CR2032, volti 3, iliyounganishwa kwa risasi kwenye bodi. Kaseti ya 1995 imepita miaka 30. Betri ikifa, gemu inawaka na kuchezeka kama kawaida, ila ukizima, safari yote imefutika. Kuibadilisha: bisibisi maalumu ya milimita 3.8, skrubu mbili, toa ya zamani kwa chuma cha kulehemu, weka mpya ambayo tayari ina vibati vyake, chanya kwa chanya. Msilehemu moja kwa moja juu ya betri, inaweza kupasuka. Na ukishaitoa, kilichosevuliwa kimekwenda. Kaseti bandia ni balaa zaidi: nyingi zina chipu za volti 3.3 zinazolishwa volti 5, hazidumu.

Kwa hewa ya chumvi ya Mikindani au Lindi mjini, meno ya kaseti yataota kutu. Yasafisheni kwa pamba za masikio na spiriti ya asilimia 90 au zaidi, yaacheni yakauke. Msipulize kwa mdomo. Mate nayo yanaleta kutu. Umeme ukikatika katikati ya kusevu, faili linaweza kuharibika lote, kwa hiyo bila stabilaiza na betri ya akiba msianze.

Biashara yenyewe sioni inasimamaje. Kibanda kinaishi kwa mechi ya dakika kumi, mtu anatoka, mwingine anakaa. RPG moja ni saa 20, 30, hata 40. Tena hizo mbili nilizotaja zina nafasi tatu tu za kusevu. Wateja watatu, na wa nne akisevu amefuta kazi ya mwenzake. Huo ni ugomvi, si biashara.

Kuhusu sinema: hapana, si kila wiki. Tiketi ni kuanzia pauni 5 au 6 saa za mchana katikati ya wiki, na katikati ya London jioni huvuka 15. Kima cha chini cha mshahara kwa mwaka ulioanza Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa kwa aliyefika miaka 21, kabla ya kodi. Familia ya watu wanne, na bisi na soda juu, ni nusu siku ya kazi. Muda wa kwenye tiketi si muda wa filamu. Matangazo hula dakika 20 hadi 30. Mtoto chini ya miaka 12 anaingia filamu ya daraja la umri la 12A akiwa na mtu mzima, lakini ya daraja la 15 haingii mtu chini ya umri huo hata akiwa na mama yake. Ndani hakuna sauti kama ya Lufufu, yule mtafsiri wa filamu, inayokufafanulia kwa Kiswahili, wala mtu wa kumuuliza. Ukimnong'oneza jirani unatazamwa vibaya. Baadhi ya wanaopata tiketi za bei ya chini ni wanaofanya kazi usiku, na wapo wanaosinzia kabla filamu haijafika nusu.

Mkiitaka RPG kwa raha yenu, si kwa biashara, Chrono Trigger na Final Fantasy VI zinauzwa kihalali kwenye simu, hazina betri wala mashaka ya volti. Mkishikilia mashine, niandikieni kwanza TV yenu ni ya kichogo au bapa, na nyuma ina matundu ya njano, nyeupe na nyekundu au HDMI tu.