Kutumia "grateful" bila kubabaika: kwa wanaoanza kuandika Kiingereza

Wewe unayeanza kuandika barua kwa Kiingereza, neno "grateful" utakutana nalo mapema sana, na ningependa ulijue vizuri kabla hujalizoea vibaya. Nimesahihisha barua nyingi za wanafunzi, na makosa ya neno hili karibu yote yana mzizi mmoja: tunachukua muundo wa "kushukuru" na kuuhamishia kwenye Kiingereza.

"Kushukuru" ni kitenzi. "Grateful" ni kivumishi, kinaeleza hali ya moyo ya mtu aliyetendewa wema. Kwa hiyo kwenye sentensi kinahitaji kitenzi cha kukibeba, mara nyingi "be" au "feel". "I grateful" haijakamilika. Andika "I am grateful", "She was grateful", "We feel grateful".

Sasa tuje penye ugumu wenyewe. Itazame sentensi "nakushukuru kwa msaada wako". Anayeshukuriwa yumo ndani ya kitenzi, kwenye ile "-ku-". Kiingereza humtoa nje na kumwekea "to" mbele yake: "I am grateful to you for your help". Mtu anapewa "to", jambo linapewa "for". Sisi tunateleza hapa kwa sababu "kwa" yetu inafanya kazi nyingi mno: tunakata kwa kisu, tunakwenda kwa mjomba, tunashukuru kwa msaada. Ndipo mtu anaandika "grateful with your help", au "grateful for you" akiwa anamshukuru aliyemsaidia. Hiyo ya pili Waingereza wanayo, lakini maana yake ni kwamba unashukuru kuwa na mtu huyo maishani mwako. Ni maneno ya kumwambia mama au mwenzi wako. Kwa afisa aliyekupokelea maombi ya kazi, hapana.

Kama unachoshukuru ni tendo, kitenzi kinachofuata "for" huchukua "-ing": "I am grateful to my teacher for correcting my essay". Usiandike "for correct". Unaweza pia kuunganisha kwa "that": "I am grateful that you came".

Matumizi yatakayokufaa zaidi kazini ni ya kuomba kwa heshima: "I would be grateful if you could send me the form". Ishike sentensi hii kama ilivyo, "would" upande mmoja na "could" upande wa pili. Ukiamua kutumia "appreciate" badala yake, usisahau "it": "I would appreciate it if you could…" Ila usimwandikie hivi rafiki yako wa karibu. Urasmi wake ni mzito, naye anaweza kudhani umemkasirikia.

Na "thankful" je? Yanakaribiana sana, na mara nyingi ukibadilisha moja kwa jingine hakuna kinachoharibika. Hata hivyo "thankful" huelekea zaidi kwenye nafuu, pale jambo baya lilipoepukika. Gari limepinduka na abiria wote wametoka salama: "We are thankful that nobody was hurt". Dereva mwingine akasimama na kuwapeleka hospitali: "We are grateful to him". Mimi huwashauri wanaoanza wachague "grateful" kila wanapomshukuru mtu waziwazi.

Tahajia inawaponza wengi. Matamshi ya silabi ya kwanza ni sawasawa na ya "great", basi mtu anaandika "greatful". Maneno hayo mawili hayana undugu. "Grateful" imetokana na neno la Kilatini "gratus", ambalo pia ndilo asili ya "gratitude", yaani shukrani. Ukikumbuka "gratitude" hutakosea zile herufi za mwanzo. Mwishoni ni "l" moja, lakini kielezi "gratefully" kina mbili.

Kinyume chake ni "ungrateful", na hilo ni neno zito. Kumwita mtu hivyo ni kumwambia hana shukrani, kwa hiyo usilitumie kueleza tu kwamba fulani alisahau kusema asante. Hapo "He forgot to thank me" inatosha. Na ukikutana na "gratified", usidhani ni lilelile: huyo ni mtu aliyeridhika kwa jinsi jambo lilivyokwenda, hata kama hana wa kumshukuru.