Juzi S, leo R: Enterobacter anapobadilika mgonjwa akiwa kwenye seftriaksoni

SWALI: Assalamu alaikum. Mimi ni fundi sanifu wa maabara, niko Pemba. Tulipokea usaha wa kidonda cha mama aliyejifungua kwa upasuaji, ukaota bakteria aitwaye Enterobacter cloacae. Diski ya antibiotiki ya seftriaksoni ilitoa duara lisilo na bakteria la milimita 26, nikaandika S, yaani dawa inamuweza. Mgonjwa akaanzishiwa dawa, homa ikashuka, siku ya nne ikarudi. Sampuli ya pili imeota bakteria yule yule, duara milimita 12. Daktari anauliza kama mara ya kwanza nilisoma vibaya. Nimekosea mimi au bakteria amebadilika? Na siku nyingine nifanye nini?

JIBU: Waalaikumu salaam. Kwa jedwali la CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, seftriaksoni ya mikrogramu 30 ikitoa milimita 23 na zaidi ni S, na 19 kushuka chini ni R, yaani sugu. Kama siku ile E. coli ATCC 25922, bakteria wako wa kuhakiki kipimo, alikaa kati ya 29 na 35, ulisoma sawa, na mwambie daktari hivyo bila ya wasiwasi. Lakini kwa bakteria huyu, S ya seftriaksoni haifai kutoka maabara peke yake bila ya maelezo.

Enterobacter cloacae ana jeni iitwayo ampC ndani ya kromosomu yake mwenyewe. Hakuiazima kwa mwengine kupitia plasmidi, kile kipande cha DNA kinachohama baina ya bakteria. Jeni hii hutengeneza kimeng'enya kinachovunja pete ya beta-laktamu, yaani kile kiini cha penisilini na sefalosporini. Siku za kawaida imezimwa karibu kabisa, maana kutengeneza protini isiyo na kazi ni hasara. Karafuu zikianikwa, turubai halifunikwi kutwa, hufunikwa wingu likitanda. Bakteria naye husubiri dalili.

Dalili yenyewe inatoka kwenye ukuta wa seli. Bakteria anapokua hubomoa vipande vya ukuta wake na kuvitumia tena, karibu nusu ya ukuta katika kila kizazi. Vipande hivyo huingizwa ndani na protini ya AmpG, kisha kimeng'enya AmpD huvikatakata ili virudi kwenye ujenzi. Juu ya DNA, jirani na ampC, amekaa msimamizi anayeitwa AmpR. Vipande vikiwa vichache, AmpR hushikwa na malighafi ya ukuta mpya na jeni inabaki imezimwa. Dawa ya beta-laktamu ikizuia ujenzi, ubomoaji unaendelea, vipande vinafurika, AmpD anazidiwa, na vipande vinamfikia AmpR mwenyewe. Hapo AmpR hugeuka, jeni ikawaka, na kimeng'enya kikamiminwa kwenye nafasi iliyo baina ya tando mbili za seli, mahali khasa ambapo dawa inapita. Dawa ikiondoka, vipande vinapungua na jeni inazimika tena.

Huo ni uwashaji wa muda. Sefoksitini na imipenemu, nazo ni beta-laktamu, huuwasha kwa nguvu; seftriaksoni huuwasha kidogo tu, ndiyo maana sahani yako ilitoa 26. Kwa mgonjwa huyu kilichotokea, kwa uwezekano mkubwa, ni kitu cha pili: kati ya mamilioni ya bakteria, wachache wana jeni ya ampD iliyoharibika kwa mabadiliko ya nasibu. Wao hawawezi kusafisha vipande, kwa hivyo AmpR yao imegeuka moja kwa moja, dawa iwepo isiwepo, na kimeng'enya chao ni mara mia au zaidi ya kile cha kawaida. Hupatikana kwa makadirio mmoja katika kila bakteria milioni kumi, zaidi au pungufu. Usaha mzito unaweza kuwa na bakteria milioni mia katika mililita moja, kwa hivyo walikuwemo kidondani kabla ya sindano ya kwanza. Seftriaksoni iliwaua wengi, homa ikashuka, kisha wale wachache wakabaki na uwanja mtupu. Usaha usiotolewa vizuri huwapa nafasi zaidi, kwa hivyo muulize daktari kama kidonda kimefunguliwa na kusafishwa.

Sasa kazi ya maabara. La kwanza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote, ni kulijua jina la bakteria kwa uhakika. Kwenye agari ya MacConkey, Enterobacter na Klebsiella pneumoniae wote hutoa makoloni ya waridi, na kwenye vipimo vya kemikali wote ni indoli hasi na sitrati chanya. Tofauti iko kwenye mwendo na kipimo cha ornithini: E. cloacae anatembea na ornithini yake ni chanya, K. pneumoniae hatembei na ornithini yake ni hasi. K. pneumoniae hana ampC ya kromosomu, kwa hivyo ukiwachanganya, tahadhari yote inapotea. Tizama pia sefoksitini: E. cloacae kwa asili yake ni sugu kwake. Ukiona duara kubwa na safi la sefoksitini, rudia utambuzi kabla ya kuandika jina. Walio kwenye kundi hili hili la hatari ni Klebsiella aerogenes na Citrobacter freundii.

La pili ni kuisoma sahani kwa macho ya karibu. Ishike kwa kuilaza kidogo mbele ya taa na uchunguze ndani ya duara la seftriaksoni. Makoloni madogo mawili matatu yaliyosimama peke yao kwenye sehemu safi, mara nyingi karibu na ukingo, huweza kuwa ndio hao wenye ampD iliyoharibika. Wengi huyaona wakasema ni uchafu, wakapima duara la nje. Yachukue, yaoteshe upya kwenye MacConkey, hakikisha ni Enterobacter, kisha yapime tena. Mchanganyiko wa bakteria unaopakwa kwenye sahani ukiwa mwepesi kuliko 0.5 McFarland, kipimo cha ukungu wake, huenda usiyaone.

Ukitaka kuuona uwashaji wenyewe, weka diski ya sefoksitini mikrogramu 30 na ya seftazidimu mikrogramu 30 kwenye agari ya Mueller-Hinton, milimita 20 kutoka kati hadi kati, saa 16 hadi 18 kwenye nyuzi 35. Duara la seftazidimu likibapa upande wa sefoksitini, jeni imewashwa mbele yako. Lisipobapa, usimtoe bakteria kwenye kundi la hatari. Jina lake lina uzito zaidi kuliko umbo hilo.

Kwa unyevu wa visiwa vyetu, mkebe wa diski ukitoka kwenye friji uache ufikie joto la chumba, kama saa moja, ndipo uufungue. Ukifunguliwa wa baridi, maji hutanda juu ya diski, dawa inadhoofika na maduara yanapungua. Agari iwe na unene wa milimita 4. Ikiwa nene zaidi, duara linakuwa dogo kwa uongo.

Kwenye ripoti andika hivi: "Enterobacter cloacae. Anaweza kuwa sugu kwa seftriaksoni, sefotaksimu na seftazidimu wakati wa matibabu hata kama kipimo kinaonesha S. Leta sampuli nyengine ikiwa hakuna nafuu baada ya siku 3 hadi 4." Pima na utoe sefepimi, ambayo hupenya haraka na kimeng'enya hiki huivunja polepole, meropenemu iwe akiba. Jentamisini, siprofloksasini na kotrimoksazoli haziguswi na AmpC, yaani kimeng'enya hicho cha jeni ya ampC, kwa hivyo zipimwe kila mara. Uchaguzi wa dawa ni wa daktari.

Mwisho, linganisha sampuli zako mbili. Kama kilichobadilika ni seftriaksoni na seftazidimu tu, sefepimi imebaki S na klavulanati, dawa inayozuia vimeng'enya vingi vya plasmidi lakini si AmpC, haiongezi duara, yaelekea ni ampD iliyoharibika. Kama jentamisini na kotrimoksazoli nazo zimegeuka R kwa pamoja, au klavulanati inaongeza duara la seftazidimu kwa milimita 5 na zaidi, shuku bakteria mwengine mwenye plasmidi aliyeingia kidondani akiwa wodini, na wajulishe wahusika wa udhibiti wa maambukizi siku hiyo hiyo.