Je, Iceland Imejifungia?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, katika mazungumzo yetu ya jioni, mwenzangu mmoja alishikilia kwamba Iceland ni kisiwa kilichojifungia, kwa kuwa kilikataa kuingia Umoja wa Ulaya na hata maneno ya kigeni hakiyataki. Mimi naona nchi inayopokea watalii wengi kiasi kile haiwezi kusemwa hivyo. Nani kati yetu amekosea? – Msomaji, Buruburu, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako ameona mlango mmoja uliofungwa akadhani nyumba nzima imefungwa. Tangu tarehe 1 Januari 1994 Iceland imo katika Eneo la Kiuchumi la Ulaya, yaani soko la pamoja na Umoja wa Ulaya, na tangu 2001 imo katika mpango wa Schengen wa kuvuka mipaka bila ukaguzi wa pasipoti, hivyo mitaji, wafanyakazi na sehemu kubwa ya bidhaa hupita bila vikwazo vikubwa.

Mlango uliofungwa ni wa bahari. Kisiwa hicho chenye watu wapatao laki nne, ambao Nairobi ingewameza bila kuhisi, kiliishi kwa samaki, na kati ya 1958 na 1976 kiligombana na Uingereza mara tatu, hadi mpaka wake wa uvuvi ukafika maili 200 za baharini. Katika magombano mawili ya mwisho, meli za walinzi wa pwani zilipita nyuma ya meli za wavuvi wa Kiingereza zikiburuta chombo cha kukatia nyaya, nyavu zikazama, na Uingereza ikatuma manowari. Watu walioyapata maji yao kwa namna hiyo hawayaweki kwa urahisi chini ya sera ya uvuvi inayopangwa Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya.

Oktoba 2008 mabenki yao makubwa matatu, Landsbanki, Glitnir na Kaupthing, yaliporomoka katika muda wa siku chache tu, nayo Uingereza ikatumia sheria ya kupambana na ugaidi kuzuia mali za Landsbanki. Hofu ikawafanya waombe uanachama wa Umoja wa Ulaya Julai 2009. Hasira ikawavuta nyuma, kwani katika kura za maoni za Machi 2010 na Aprili 2011 walikataa masharti ya kulipia amana za Waingereza na Waholanzi waliokuwa wameweka fedha Icesave, akaunti za akiba za mtandaoni za Landsbanki. Mwaka 2015 serikali iliyofuata iliandika barua kwamba nchi isihesabiwe tena miongoni mwa waombaji.

Hata hivyo, usimcheke mwenzako mapema. Sheria za soko lile la pamoja hutungwa na wanachama wa Umoja wa Ulaya, nayo Iceland huzipokea bila kuzipigia kura. Aliyesusia baraza ili alinde uhuru wake amejikuta akitii yaliyoamuliwa barazani. Hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo gharama ambayo wanasiasa wake hawapendi kuitaja majukwaani.

Kuhusu maneno, mwenzako yuko karibu na ukweli. Kompyuta wanaiita tölva, neno walilolisuka kutokana na tala, yaani namba, na völva, mwaguzi wa kike. Nasi tulifanya vivyo hivyo: tukachukua tarakimu na akili, tukapata tarakilishi. Lao liko midomoni mwa kila mtu. Letu mwanafunzi hulijaza kwenye karatasi ya mtihani, kisha akitoka shuleni huingia saiba na kuuliza kama kuna kompyuta isiyo na mtu.